Mashine Ipi, Daktari?

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wameifafanua katika insha zao mara zisizo na idadi. Hata hivyo, mimi ambaye riziki yangu hutokana na kuuliza maana za maneno, sikuuliza siku ile niliyopaswa kuuliza.

Ilikuwa mwezi Machi mwaka 2021. Amu yangu, mdogo wake marehemu baba, alikuwa amelazwa katika hospitali moja ya umma kwa homa kali ya mapafu iliyoletwa na korona. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia wodini siku hizo. Mnamo saa nne za usiku binamu yangu alinipigia simu akiwa langoni mwa hospitali. "Kaka," akasema, "daktari anasema mzee anahitaji mashine ya oksijeni, naye mzee amekataa katakata. Wanataka tumpigie tumshawishi. Tuseme nini?" Kabla sijajibu nikasikia sauti ya shangazi nyuma yake: "Mwacheni! Nani mmemwona akawekwa mashine akarudi nyumbani?" Nami, kwa kuwa ndiye niliyehesabiwa kuwa nimesoma sana katika ukoo ule, nikatoa hukumu. Nikasema wangoje kupambazuke, nitafika mwenyewe tuzungumze na daktari.

Nilifika saa moja asubuhi. Muuguzi mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akimaliza zamu, alitoka nje akiwa na ile mashine mkononi, ingali imefungwa katika karatasi yake ya plastiki. Ilikuwa barakoa yenye kifuko chini yake na mrija wa kuunganishwa na mtungi. "Tangu jana ana kijimrija cha puani, nacho hakimtoshi tena," akanieleza. "Tulitaka kumwongezea hewa tu, mwanangu." Nikampigia amu simu, nikamwambia kitu hicho ni nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, kwa sauti iliyokatika-katika, "Kumbe ni hicho?" Akakubali papo hapo.

Amu alifariki siku ya nne. Daktari alitwambia kwamba maradhi yalikuwa yamekwisha kuyaharibu mapafu vibaya, na kwamba hakuna awezaye kusema saa zile tisa zingaliokoa nini. Nami sisemi. Ninalolijua ni kwamba ukoo wenye walimu watatu na mhadhiri mmoja ulishindwa kumsaidia mgonjwa wake usiku kucha, kwa sababu ya neno moja ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza maana yake.

Ndugu msomaji, neno lenyewe ni hili "mashine". Katika vinywa vyetu neno hili hubeba vifaa visivyopungua saba, ambavyo havifanani kwa umbo, kwa nguvu, kwa hatari wala kwa gharama. Kijimrija cha puani ni mashine; barakoa ni mashine; kifaa kinachopumua badala ya mgonjwa aliyelazwa usingizi nacho ni mashine. Ni kana kwamba baiskeli, matatu na ndege vyote vingeitwa "chombo", kisha mzee akaulizwa usiku wa manane iwapo anakubali kupandishwa chombo. Naomba basi niruhusiwe kuvitenganisha vifaa hivi kimoja kimoja, si kwa kuwa mimi ni tabibu, bali kwa kuwa mambo yenyewe hayawashindi walimu wala wanafunzi kuyaelewa, na kuyaelewa kwake ni kinga.

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa tunayoivuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Kwa mtu mzima wa afya kiasi hicho chatosha na kubaki. Mapafu yanapovamiwa na maambukizi makali, vile vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia katika damu hujaa majimaji na usaha, na vingine hujikunja vikafunga. Hewa huvutwa, lakini mlango wa kuingilia damuni umezibwa nusu. Hapo tabibu hana budi kuongeza kiasi cha oksijeni katika kila pumzi, au kusukuma vile vifuko vifunguke, au kufanya yote mawili. Tofauti zote za vifaa nitakavyovitaja zatokana na mambo hayo mawili.

Kipimo cha kwanza ni kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kutoa mwanga, kiitwacho oksimita, ambacho chanzo chake ni kazi ya mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya 1970. Kwa kawaida husoma asilimia 95 au zaidi kwa mtu mwenye afya. Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu kwamba anayesoma chini ya asilimia 90 ahitaji oksijeni. Lakini kifaa hiki nacho chataka macho yenye akili. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilipitwa na upungufu uliofichika karibu mara tatu kuliko kwa wagonjwa weupe, maana rangi ya ngozi huutatiza mwanga wake. Tabibu wa Afrika anayeamini namba peke yake, asimtazame mgonjwa anavyohema, amejitia katika hatari.

Sasa twende ngazi kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni mrija wa puani, wenye vijipembe viwili vinavyoingia kwenye matundu ya pua. Hupitisha lita 1 hadi 5 au 6 za oksijeni kwa dakika, na huifanya hewa avutayo mgonjwa iwe na oksijeni asilimia 24 hadi 40 hivi. Mgonjwa aweza kula, kunywa na kuzungumza. Ngazi ya pili ni barakoa ya kawaida, inayofunika pua na mdomo. Hiyo hutaka lita 5 hadi 10 kwa dakika na hutoa asilimia 40 hadi 60. Ikifunguliwa kidogo kuliko hapo, mgonjwa huvuta tena hewa chafu aliyokwisha kuitoa. Ngazi ya tatu ndiyo ile tuliyoiogopa, barakoa yenye mfuko. Mfuko hujaa oksijeni wakati mgonjwa anapotoa pumzi, ili akivuta apate akiba. Kwa lita 10 hadi 15 kwa dakika aweza kupata asilimia 60 hadi 90, maadamu mfuko haujasinyaa. Mpaka hapa hakuna sindano, hakuna usingizi, wala hakuna chochote kinachoingizwa kooni.

Pembeni mwa ngazi hizi ipo barakoa ya Venturi, ambayo sifa yake ni kutoa kipimo maalumu kisichobadilika, mathalani asilimia 28 na si zaidi. Hiyo huwafaa hasa wale ambao mapafu yao yamechakaa kwa maradhi ya muda mrefu, kwani kwao oksijeni nyingi kupita kiasi yaweza kuwadhuru. Jambo hili huwashangaza wengi, nalo halipaswi kutushangaza. Oksijeni ni dawa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya kutibu upungufu wa oksijeni mwilini, na dawa yoyote ina kipimo chake.

Ngazi ya nne ni mtiririko mkubwa wa puani. Hapa oksijeni hupashwa moto, hutiwa unyevu, kisha hupitishwa puani kwa kasi ifikayo lita 60 kwa dakika. Ngazi ya tano ni shinikizo endelevu: barakoa inayobana uso barabara, au kwa watoto mrija wa puani, husukuma hewa bila kukoma ili vifuko vya mapafu visijikunje mgonjwa anapotoa pumzi. Kwa watoto wadogo shinikizo hilo hupatikana kwa njia nyepesi: ncha ya mrija wa kutolea hewa hutumbukizwa ndani ya chupa ya maji, na kina cha maji ndicho kipimo cha shinikizo. Mapovu yakitokota chupani, muuguzi hujua kazi inaendelea. Ngazi ya sita ni shinikizo la namna mbili, kubwa wakati wa kuvuta na dogo wakati wa kutoa. Ngazi ya mwisho ni mashine ya kupumulia yenyewe, ambapo mgonjwa hulazwa usingizi, mrija ukapitishwa mdomoni hadi kwenye koromeo la hewa, na kifaa kikachukua kazi ya misuli ya kifua. Hii ndiyo aliyoiwazia shangazi. Ilikuwa mbali na amu kwa ngazi nne nzima.

Yapo pia masuala ya hesabu ambayo mwalimu wa darasa la saba angeweza kuyaandika ubaoni. Chukua mtungi mkubwa wenye lita 6,800 za oksijeni. Kwa mrija wa puani wa lita 5 kwa dakika, utadumu kwa takriban saa 22 na nusu. Kwa barakoa yenye mfuko, kwa lita 15, hautafika saa 8. Kwa mtiririko mkubwa wa lita 60 za oksijeni tupu, utakwisha kabla ya saa mbili kutimia. Kwa hiyo kifaa kinachoonekana bora katika hospitali yenye mabomba ya oksijeni ukutani chaweza kuwa msiba katika hospitali yenye mitungi mitatu na lori la kuijaza linalokuja Ijumaa. Mashine za kuchuja oksijeni kutoka katika hewa ya kawaida ni ukombozi mkubwa mashambani, ila nyingi hutoa lita 5 au 10 tu kwa dakika, na umeme ukikatika nazo hunyamaza.

Ipi basi iliyo bora? Swali hili limewashughulisha wataalamu, na majibu yao yana mafunzo kwa yeyote anayependa kufikiri. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Ufaransa na Ubelgiji kwa wagonjwa 310 waliopungukiwa oksijeni ghafla, wengi wao kwa homa ya mapafu. Idadi ya waliohitaji kutiwa mrija kooni haikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Lakini baada ya siku 90 walikuwa wamefariki asilimia 12 ya waliopewa mtiririko mkubwa, asilimia 23 ya waliopewa oksijeni ya kawaida kwa barakoa, na asilimia 28 ya waliopewa shinikizo kwa barakoa ya kubana. Wengi wakasema neno limekwisha, mtiririko mkubwa umeshinda. Kumbe halikuwa limekwisha. Mwaka 2022 Waingereza walichapisha utafiti wao wa wagonjwa wa korona zaidi ya 1,200. Safari hii shinikizo endelevu ndilo lililong'ara: waliofariki au kutiwa mrija kooni katika siku 30 walikuwa asilimia 36.3, ikilinganishwa na asilimia 44.4 ya waliopewa oksijeni ya kawaida. Mtiririko mkubwa haukuonyesha tofauti ya maana.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa watoto. Katika hospitali moja mashuhuri jijini Dhaka, Bangladesh, watoto 225 wenye homa kali ya mapafu waligawanywa katika makundi matatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba walifariki asilimia 4 ya waliopewa shinikizo la chupa ya mapovu, asilimia 15 ya waliopewa oksijeni ya mtiririko mdogo, na asilimia 13 ya waliopewa mtiririko mkubwa. Habari hizi zilipokewa kwa shangwe, na ni haki yake: chupa, maji na mrija vinaokoa watoto! Ndipo ukaja utafiti wa Malawi, katika hospitali ya wilaya ya Salima, uliochapishwa mwaka 2019. Watoto 644, wengi wao wakiwa na utapiamlo, virusi vya Ukimwi au upungufu mkubwa wa oksijeni, waligawanywa kati ya chupa ya mapovu na oksijeni ya kawaida. Waliopewa chupa walifariki asilimia 17, na waliopewa oksijeni ya kawaida asilimia 11. Kifaa kilekile kilichookoa Dhaka kiliambatana na vifo vingi zaidi Salima.

Hali za wagonjwa hazikuwa sawa, na sitaki kulifanya jambo kuwa jepesi kuliko lilivyo. Lakini Dhaka kulikuwa na madaktari karibu na kitanda. Salima huduma ilisimamiwa na wauguzi na maafisa wa tiba wasio na daktari wala chumba cha uangalizi maalumu. Sitaki mtu yeyote asome hapo lawama kwa wauguzi wale, waliobeba mzigo uliowazidi idadi. Kutokana na hayo yote nimejifunza kwamba swali la "kifaa kipi ni bora" halijakamilika mpaka liongezwe maneno "kwa mgonjwa yupi, mikononi mwa nani, na kwa akiba ipi". Hata sisi wenyewe Kenya, pamoja na majirani zetu wa Uganda, tulikuwa na utafiti wa watoto 1,842 uliolinganisha mtiririko mkubwa, mtiririko mdogo na kutotoa oksijeni mara moja kwa wale ambao upungufu wao haukuwa mkubwa sana. Ulisimamishwa kabla ya wakati, na ripoti yake ya mwaka 2021 haikuweza kukata shauri.

Ilhali huko Papua New Guinea, hospitali tano zilipopewa mashine za kuchuja oksijeni pamoja na oksimita na mafunzo, vifo vya watoto wenye homa ya mapafu vilishuka kutoka karibu asilimia 5 hadi karibu asilimia 3. Hakukuwa na kifaa cha ajabu. Kulikuwa na oksijeni isiyokatika, kipimo cha kumtambua anayeihitaji, na watu wanaojua la kufanya. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2008, miaka 12 kabla ya korona kutufikia.

Hapo ndipo narejea kwenye taaluma yangu. Nikisema kwamba kifaa hutegemea mikono iliyokishika, naongeza kwamba mikono hiyo hutegemea lugha. Mgonjwa anayeivua barakoa kwa kuogopa ameshinda utaalamu wote uliotajwa hapo juu. Jamaa wanaomkataza nao ni vivyo hivyo. Na woga huu haukuzuka hivi hivi. Tazama jina tulilokipa chumba cha uangalizi maalumu: twakiita wodi ya wagonjwa mahututi. Mahututi, kwa mujibu wa kamusi zetu, ni mtu aliye karibu kukata roho. Kwa hiyo mlango wenyewe umeandikwa, kwa Kiswahili sanifu, kwamba aingiaye humo anakufa. Twastaajabu nini basi mzee akikataa kuingizwa?

Kisha kuna ile imani kwamba oksijeni huua. Niliisikia katika matatu, katika maabadi, na hata katika chumba cha walimu. Chimbuko lake ni kosa la hoja ambalo kila mwalimu wa insha amewahi kulisahihisha. Wanaopewa oksijeni ndio wagonjwa zaidi. Wagonjwa zaidi ndio wanaokufa zaidi. Basi mtu huona oksijeni na kifo vimeandamana, akadhani cha kwanza kimekizaa cha pili. Ni sawa na kusema kwamba miavuli huleta mvua kwa kuwa kila mvua inaponyesha miavuli huonekana. Kosa hili hukua zaidi watu wanapochelewa kukubali, kwani anayefikishwa kwenye oksijeni akiwa amekwisha kudhoofika hufa, na kifo chake huwa ushahidi wa kumkatisha tamaa atakayefuata.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba daktari mwenye wagonjwa arobaini hana wakati wa kufundisha msamiati. Nakubali kwamba hana wakati. Ndiyo sababu msamiati lazima uwe tayari kabla ya usiku wa dharura. Muuguzi aliyenielimisha mimi alitumia dakika zisizozidi tatu. Wengine watasema Kiswahili hakina istilahi za mambo haya. Hasha! Neno "oksijeni" lenyewe lilibuniwa na Mfaransa Lavoisier katika karne ya 18 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kizaa asidi, kwa kuwa aliamini kimakosa kwamba kila asidi ina oksijeni ndani yake. Kosa lile halikulizuia neno kuenea ulimwengu mzima. Istilahi haihitaji kuwa kamilifu. Yahitaji kuafikiwa na kutumiwa. Mrija wa puani, barakoa ya kawaida, barakoa yenye mfuko, mtiririko mkubwa, shinikizo endelevu, mashine ya kupumulia: ni lipi hapa ambalo mzee wa Garissa au mama wa Busia asingelielewa akionyeshwa mara moja?

Wapo pia watakaoniambia kwamba maneno hayajazi mtungi. Hilo ni kweli tupu, na sina jibu la kulipinga. Serikali, ile ya kitaifa na zile za kaunti, zina wajibu wa kuhakikisha oksijeni haikatiki, na hakuna orodha ya istilahi itakayoziondolea wajibu huo. Ninachodai ni kwamba pale mtungi ulipo, usikae umejaa kando ya kitanda cha mtu anayeukimbia kwa kutojua.

Wala sidai hisani. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo yamtaka mhudumu wa afya, kila inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yake katika lugha anayoielewa. Sheria ipo. Kilichokosekana ni maneno yaliyokubaliwa ya kuitekelezea.

Nina maombi matatu. La kwanza ni kwa hospitali na vyuo vya mafunzo ya utabibu: afikianeni juu ya majina sita au saba ya Kiswahili, myabandike ukutani pamoja na picha, na mwanafunzi wa uuguzi asihitimu kabla ya kuweza kuyaeleza kwa mtu asiyesoma. Mkiwa katika kazi hiyo, liondoeni neno mahututi mlangoni, muweke uangalizi maalumu. La pili ni kwa walimu. Mwalimu wa sayansi anayefundisha mfumo wa upumuaji na mwalimu wa Kiswahili anayefundisha ufahamu wanaketi meza moja katika chumba cha walimu. Kipindi kimoja tu cha pamoja kwa muhula kingetosha kumfanya mtoto aende nyumbani akiwa na maneno ambayo siku moja babu yake atayahitaji.

La tatu ni kwenu wanafunzi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mwaka 1952 jiji la Copenhagen, Denmark, lilipatwa na mlipuko wa polio uliopooza misuli ya kupumulia ya wagonjwa wengi kupita uwezo wa vifaa vilivyokuwapo. Daktari Bjørn Ibsen alishauri mgonjwa atobolewe koo, atiwe mrija, na mfuko wa mpira ubonyezwe kwa mkono ili kumpelekea hewa. Nani angebonyeza usiku na mchana? Waliitwa wanafunzi, takriban 1,500, wakakaa kando ya vitanda kwa zamu, wiki baada ya wiki, wakipumua kwa niaba ya watu wasiowajua, wengi wao watoto. Vifo vikapungua mno, na katika kazi hiyo vikazaliwa vyumba vya uangalizi maalumu tulivyo navyo leo. Ile mashine inayotutisha ilianza ikiwa mikono ya vijana wa umri wenu.

Ninyi hamtaitwa kubonyeza mfuko. Lakini yamkini usiku mmoja simu italia, na sauti iliyojaa hofu itasema kwamba daktari anataka kumweka mama kwenye mashine. Msijibu kama nilivyojibu mimi. Ulizeni: Mashine ipi, daktari? Itampa oksijeni kiasi gani? Akiba iliyopo itadumu saa ngapi? Nani atakayekuwa akimtazama? Ni maswali manne, nayo huchukua dakika tatu. Amu yangu hakupewa hata moja kati ya hayo, kwa kuwa mpwa wake msomi aliona heri angoje kupambazuke.